Mzee Wetu wa Mnada



Katika usharika wetu huko Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, nje ya mlango wa kanisa kuna mparachichi mkubwa. Chini ya mti huo ndipo unapofanyika mnada wa sadaka kila Jumapili baada ya ibada. Wasomaji wetu wa KKKT wanaujua mnada huu. Mama asiye na fedha huleta kile alichojaliwa: mkungu wa ndizi, mayai sita, chupa ya maziwa, au jogoo aliyefungwa miguu. Vitu hivyo hunadiwa, na fedha inayopatikana huingia katika mfuko wa kanisa.

Kwa zaidi ya miaka ishirini aliyesimama chini ya mti ule kunadi alikuwa mtu mmoja. Hatutamtaja jina, kwa kuwa mjane wake yu hai na hapendi makuu. Tutamwita Mzee wetu, kama tulivyomwita alipokuwa nasi. Sisi tunaoandika habari hizi ni wauguzi, na tena tunajitolea katika kikundi cha akina mama cha usharika huo. Tumechelewa kuziandika kwa sababu ndani yake mna jambo linalotuaibisha. Lakini tumeona ni afadhali aibu yetu iwafae wenzetu kuliko kuifungia kabatini.

Baba kwenye benchi la kliniki

Tulimfahamu kwanza si kanisani bali zahanati, mwaka 2004, siku ya kliniki ya watoto. Benchi lilikuwa limejaa akina mama, na katikati yao ameketi mwanamume wa makamo, mtoto mapajani, kadi ya kliniki mkononi. Wanawake walikuwa wakichekana chini kwa chini. Tukamwuliza, "Mama wa mtoto yuko wapi?"

Akajibu, "Jana alipalilia kahawa mchana kutwa, Sista. Leo nimemwambia apumzike. Mtoto ametimiza miezi tisa, nimemleta achanjwe surua."

Tulipompima mtoto, yeye mwenyewe alitutajia uzito wa mwezi uliopita kabla hatujatazama kadi. Baadaye majirani walitueleza kwamba mkewe alipojifungua, mama mkwe alikuwa amekwisha kufariki, na hapakuwa na mwanamke mwingine nyumbani wa kumhudumia mzazi. Mzee wetu akaingia jikoni mwenyewe. Alimenya ndizi, akachemsha nyama, akaponda, akampikia mkewe mtori kila siku. Ninyi mnaotoka upande wetu mnajua jambo hilo lilivyokuwa geni kwa mwanamume wa rika lake. Wenzake wakamcheka, wakasema amelishwa limbwata. Naye akawajibu, "Kama ni limbwata, basi nimelipika mwenyewe."

Walikuwa na watoto watano. Kila siku saa mbili usiku nyumba ile ilikuwa na ibada. Hakuwa baba wa kuhubiri kwa saa nzima watoto wakisinzia. Mtoto mmoja alisoma, mwingine aliuliza swali, na kama baba hakujua jibu alisema hajui. Kisha waliimba. Sauti yake ya besi ilisikika hata kwa jirani, kupita migomba, nasi tulipokuwa tukirudi kutoka zamu ya jioni tulijua kwa sauti hiyo kwamba saa mbili imefika.

Mwaka 2011 nyumba hiyo ilipata mtihani. Binti yao mkubwa, akiwa bado shuleni, alipata mimba. Siku hizo msichana wa namna hiyo hakuruhusiwa kuendelea na shule ya serikali. Ruhusa ya kurudi ilikuja baadaye sana, Novemba 2021. Wengi walitazamia kwamba mzee wa kanisa atamfukuza binti aliyemtia aibu, na tumeona wazazi wengi wakifanya hivyo. Jumatatu iliyofuata Mzee wetu alikwenda kwa mchungaji akaweka funguo za kanisa mezani, akasema, "Nyumba yangu inanihitaji kwanza. Baraza likiona nafaa, litaniita." Na siku ya kliniki ya wajawazito tulimwona tena kwenye benchi lile lile, safari hii ameketi na binti yake. Binti alikuwa ameinamisha uso. Baba alikuwa ameushika mfuko wake wa nguo kana kwamba wamekwenda sokoni tu.

Baada ya miezi michache baraza lilimrudishia funguo. Wako waliosema ni kwa sababu ya rehema, wako waliosema ni kwa sababu mnada ulikuwa umepooza bila yeye. Binti alijifungua salama, akajifunza ushonaji, na leo mavazi ya kwaya yetu yanatoka kwenye cherehani yake.

Funguo za kanisa

Tukisema alilitumikia kanisa, tunataka mwelewe ni kazi gani. Alikuwa mtunza hazina. Kila shilingi iliandikwa katika daftari lake kubwa, na daftari hilo lilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kulisoma. Usharika ulipoanza kujenga ukumbi, yeye ndiye aliyehesabu mifuko ya saruji asubuhi na kuihesabu tena jioni. Palipotokea msiba usiku, mlango wake ndio uliogongwa. Alikuwa na orodha ya wajane na wazee wasiojiweza, na kabla ya Krismasi alipita kwao mmoja mmoja. Shamba lake la kahawa lilikuwa dogo kama mashamba ya wenzake, na mapato yake hayakuwa ya kujivunia. Alichotoa ni miguu yake na usingizi wake.

Na mnada! Angeliinua yai moja juu kana kwamba ni dhahabu. "Mayai haya ni ya bibi aliyetembea kwa fimbo kutoka kule bondeni. Nani atakubali yarudi nyumbani?" Watu walicheka na kutoa. Tuligundua baada ya muda mrefu kwamba kitu cha mwisho kilichokosa mnunuzi alikinunua yeye, kisha jioni akakirudisha kwa siri kwa yule maskini aliyekileta. Jogoo mmoja, inasemekana, alinadiwa mara tatu kwa njia hiyo, hata wenyewe wakaamua kumla.

Neno tulilolisema

Sasa tunafika mahali pa uchungu.

Mwaka 2016, mwezi Machi, mkewe alikuja zahanati. Hakuwa mgonjwa. Alisubiri hadi foleni ikaisha, akaketi, akasema, "Sista, mume wangu halali. Anarudi saa nne usiku, na alfajiri wanamgongea tena. Analalamika kichwa, hapa nyuma ya shingo. Nikimwambia apumzike anasema atapumzika baada ya ukumbi kuezekwa. Ninyi mko karibu na mchungaji. Hebu semeni naye wampunguzie kazi, angalau mnada na saruji visiwe vya mtu mmoja."

Kumbukeni kwamba sisi ni wauguzi. Tumesomea kazi hii, tuna cheti cha diploma ukutani. Mashine ya kupimia presha ilikuwa juu ya meza ile ile, na siku hiyo tulikuwa tumewapima wajawazito wote waliokuja. Mwanamume wa karibu miaka sitini, hana usingizi, anaumwa kichwa, ana mzigo wa kazi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua la kufanya.

Sisi tulimjibu hivi: "Mama, usimzuie mtumishi wa Bwana. Kazi ya Mungu haimchoshi mtu." Tukampa vidonge vya maumivu akampelekee mumewe. Akatushukuru, akaenda zake. Hatukusema na mchungaji. Hatukwenda kumpima, ingawa kutoka zahanati hadi kwake ni mwendo wa dakika kumi.

Kwa nini tulijibu vile? Tumejiuliza mara nyingi. Ukweli ni kwamba maneno yale yalikuwa rahisi, na yalikuwa na sauti ya dini. Na Mzee wetu alikuwa anatufaa. Kama asingehesabu saruji, mmoja wetu angeitwa kuihesabu.

Mwezi Septemba mwaka huo huo, Jumamosi ya maandalizi ya sikukuu ya mavuno, mtoto alikuja mbio zahanati kutuita. Tulimkuta Mzee wetu ameketi chini, ameegemea mparachichi, mizani kando yake. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mkono wa kulia ulilala mapajani kama kitu kisicho chake. Alitutazama, akataka kusema, ikatoka sauti isiyo na neno. Mtu alikuwa amekwisha kuleta maji ili anywe. Tukamzuia, maana aliyepatwa na kiharusi huweza kupaliwa. Tulimpima. Presha ilikuwa 220 kwa 130. Ndiyo mara ya kwanza tulipompima mtu yule aliyetuletea watoto, wajane na wagonjwa kwa miaka kumi na miwili.

Mchungaji alileta gari, tukamteremsha hospitali. Daktari alitueleza kwamba upande wa kushoto wa ubongo umeumia, ule unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaoongoza usemi pia.

Miezi kumi na minne

Aliporudi nyumbani hakuweza kuketi bila kushikwa. Mkewe alihamishia kitanda chake chumba cha mbele, mahali pa ibada ya jioni, ili asitengwe na watoto. Nasi tukaanza kwenda. Wenzetu wa kikundi walidhani tunakwenda kwa upendo. Ulikuwapo upendo, lakini aibu ndiyo iliyotuamsha alfajiri.

Tulimfundisha mama tuliyoyajua: kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda; kumlisha akiwa ameketishwa wima, uji mzito kidogo na kwa kijiko kidogo; kumnyoosha vidole, kiwiko na goti kila siku ili viungo visikakamae. Yeye alitufundisha tusiyoyajua. Alimwuliza mumewe kabla ya kumgeuza. Alimnyoa ndevu kila Jumamosi. Watoto walipomletea taarifa za shule alimpa yeye kwanza azishike kwa mkono wa kushoto.

Jina la mkewe hakuweza kulitamka. Alilitafuta hata machozi yakamtoka. Lakini jioni moja, familia ilipoanza wimbo kutoka katika kitabu cha Mwimbieni Bwana, sauti ya besi ilitoka kitandani. Ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa na maneno, mstari kwa mstari, hadi mwisho wa ubeti wa tatu. Mtoto mdogo aliangusha kitabu. Sisi tulikuwa tumewahi kusoma darasani kwamba mgonjwa wa kiharusi aliyepoteza usemi huweza pengine kuimba, kwa sababu wimbo una njia yake katika ubongo. Kusoma ni kitu kimoja. Kumwona mwanamke akimtazama mume wake aliyekuwa kimya kwa wiki saba, kisha akamsikia akimsifu Mungu kwa maneno kamili, ni kingine. Tangu jioni ile waliimba kila siku, na aliyetaka kusikia sauti ya baba alijua saa ya kuwapo nyumbani.

Tulibeba neno letu kwa miezi minne. Siku moja, tukiwa tunambadilishia mgonjwa shuka, tulimwambia mama, "Tusamehe. Ulikuja kwetu mwezi Machi, nasi tulikujibu vibaya."

Hakuacha kukunja shuka. Alisema, "Nakumbuka, Sista. Nilikasirika sana. Jumapili nne sikukaribia meza ya Bwana, kwa kuwa ninyi mlikuwa mmeketi mbele yangu na moyo wangu haukuwa safi."

"Mbona hukutuambia?"

"Nilihitaji mikono yenu." Kisha akatazama saa ya ukutani. "Nimekwisha kuwasamehe, ila ilinichukua muda. Haya, tumgeuzeni, saa imefika."

Hakutuambia kwamba si kitu. Tunamshukuru kwa hilo, kwa sababu kilikuwa kitu.

Mzee wetu alifariki mwezi Novemba 2017, baada ya homa ya mapafu iliyodumu siku tano. Alizikwa katika kihamba chake, karibu na kahawa zake. Wakati wote ule hakupata kidonda hata kimoja mgongoni. Ninyi mliowahi kumwuguza mtu wa kitandani mnajua hiyo ni shahada ya namna gani kwa mkewe na watoto wake.

Jumapili iliyofuata hakuna aliyetaka kusimama chini ya mparachichi. Mjane alikuwa ameleta mayai sita katika kikapu. Watu walitazamana. Ndipo binti yake mkubwa, yule wa cherehani, akatoka katikati ya kwaya, akaliinua yai moja juu.

Tunayowaomba

Akina mama wenzetu, tunaposoma Waraka wa Kwanza kwa Timotheo sura ya 3, twaona kwamba anayetunza kanisa hutazamwa kwanza anavyotunza nyumba yake. Mzee wetu alipimwa kwa kipimo hicho naye hakupungua. Lakini kuna sura nyingine tuliyokuwa tumeisahau, Kutoka 18. Musa alikuwa akiwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, na aliyeona kwamba atachakaa hakuwa mzee wa Israeli wala kuhani wa Israeli. Alikuwa Yethro, mkwe wake, mtu wa nyumbani. Alimshauri awagawie wengine mzigo, na Musa akasikia. Mama yule aliyekuja zahanati mwezi Machi alikuwa Yethro wetu. Alileta shauri jema, nasi tulimrudisha na vidonge.

Kwa hiyo mke anaposema kwamba mtumishi amechoka, tusimhesabu kuwa mpinzani wa kazi ya Mungu. Yeye ndiye anayemwona usiku.

Nasi tunaongeza maneno ya kazi yetu. Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili. Mtu aweza kuwa nayo miaka mingi naye anachekesha watu mnadani. Njia ya kuijua ni kupima. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au kupita, na kikarudia hivyo siku nyingine, aonwe na daktari. Akipewa dawa za kila siku, azimeze kila siku. Kichwa kikiacha kuuma, dawa haziachwi. Chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula vya kununua. Na ukiona ghafla mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yamevurugika, usimpe maji wala dawa, wala usingoje kesho. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Usharika wetu umegawa kazi. Hazina ina watu wawili, saruji ina wake, misiba ina zamu. Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mnada ukiisha, sisi huweka meza na mashine chini ya mparachichi. Mwanzoni wanaume walipita mbali, wakisema presha ni ugonjwa wa wanawake na matajiri. Wake zao waliwashika mikono wakawaleta. Wengine tuliwakuta na presha ya kutisha, nao wako hai na wanatumia dawa.

Mjane wa Mzee wetu huja pia. Huketi kwenye benchi, hufunua mkono, na tukimaliza hutuuliza, "Na ninyi, Sista, mmepimwa?" Hatuthubutu kumjibu ovyo. Tunavaa kile kitambaa cha mashine mkononi mbele yake, tunapimana, yeye akitazama.